Mtu asiyewahi kushika usukani wa ndege akikalia kiti cha kapteni, mwalimu pembeni: kinachotokea hasa

Mwalimu wa Simuleta (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi humu ndani kulikuwa na mabishano makali kuhusu ndege za abiria. Kundi moja linasema ndege ya siku hizi inajiendesha yenyewe na rubani amekaa tu kulinda kiti. Kundi la pili linasema mtu wa kawaida akiishika, dakika moja haiishi mko chini. Nimesoma kurasa zote nikaona nifungue uzi wake, maana hiyo ndiyo kazi inayonipa ugali. Nafundisha kwenye simuleta, yaani mashine ya ardhini inayoiga urukaji, ya ndege ya abiria ya Boeing 737-800. Wanafunzi wangu wengi ni marubani wanaohamia ndege hiyo, ila wapo pia wanaokuja bila hata saa moja ya kurusha chochote: vijana wanaotaka kujipima kabla wazazi hawajauza shamba la ada, mafundi wa ndege wanaotaka kuona upande wa pili, na watu wazima ambao ndoto hiyo wameibeba tangu utotoni. Hao ndio nitawazungumzia.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Mtu mwenye akili timamu, akiwa na mwalimu kando yake, anairusha na kuitua 737 kwenye simuleta ndani ya kipindi kimoja. Anapoingia anaogopa vitufe, na vitufe havimsumbui hata kidogo. Kinachomtoa jasho ni mikono yake mwenyewe, kwa sababu haijui kungoja.

Tuanze na mashine. Simuleta kamili ni chumba cha rubani chenyewe, swichi kwa swichi, kimesimamishwa juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika. Mbele kuna picha ya uwanja inayozunguka mpaka madirisha ya pembeni. Mmarekani Edwin Link ndiye aliyeanzisha mambo haya mwaka 1929 kule Binghamton, New York. Familia yake ilikuwa inatengeneza piano na vinanda vya upepo, akachukua mivukuto ya vinanda akaitumia kuinamisha kibanda chenye mabawa mafupi. Za leo zinafanya ujanja mmoja ninaoupenda sana: ukisukuma nguvu za injini, chumba kizima kinalala nyuma taratibu huku picha ya mbele ikibaki wima. Mgongo unakandamizwa kwenye kiti, ubongo unaapa kwamba tunaongeza kasi. Nimeona watu wazima wakishika mikono ya kiti.

Mwanafunzi namkalisha kushoto, kiti cha kapteni, mimi nakaa kulia. Kitu cha kwanza ni kukabidhiana. Anayechukua anasema "nashika mimi", anayeachia anajibu "umeshika wewe". Kazini yanasemwa kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya anga, lakini nikiwa na Mswahili mwenzangu nayasema hivyo hivyo kwa Kiswahili na anayaelewa hadi mifupani. Pasipo maneno hayo kuna sekunde ambazo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye ameshika.

Kisha tunaitembeza ndege ardhini. Hapa wengi wanashangaa kwamba usukani wa mbele yao hauongozi magurudumu. Kuna kigurudumu kidogo cha mkono kushoto kwa kapteni, karibu na goti, ndicho kinachogeuza gurudumu la pua hadi nyuzi 78. Pedali za miguuni nazo zinaligeuza, ila nyuzi 7 tu, zinatosha kunyoosha mkiwa mnakimbia. Na kwa kuwa macho ya rubani yako mbele ya gurudumu la pua, kwenye kona lazima uupite mstari kwanza ndipo ugeuze. Anayegeuza mapema anapeleka matairi kwenye majani.

Nitaendelea na kuruka, naandikia simu. Maswali yanaruhusiwa.

Kijana wa Tabata

Naweka kambi hapa. Mwalimu, hivyo vitufe mia mbili vya juu ya kichwa nani anabonyeza? Isije ikawa unambonyezea kila kitu halafu anaambiwa ameirusha yeye.

Mwalimu wa Simuleta

Swali zuri mkuu. Paneli ya juu ni ya umeme, mafuta, haidroli, hewa na mambo ya kuzuia barafu. Sehemu kubwa inapangwa kabla injini hazijawaka, na mkishaondoka inaguswa mara chache. Nampa anayeanza ndege ikiwa tayari inanguruma. Huko kwenye paneli kuna wiki nyingi za darasani, sitaki kumlaghai kwamba atazimaliza leo. Ninachompa ni usukani, pedali, na mikono ya nguvu za injini. Flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia kuibeba ndege ikiwa na mwendo mdogo) na magurudumu naweka mimi akiniagiza, kama kapteni anavyomwagiza rubani msaidizi.

Sasa kuruka. Tupo kichwani mwa njia ya kurukia. Nikimwambia asukume nguvu, kila mtu anataka kuzipeleka zote mara moja. Namzuia. Unapeleka mpaka karibu asilimia 40, unaziacha injini mbili zilingane, ndipo unazipeleka zote. Moja ikitangulia kuamka, ndege inavuta upande mmoja nawe bado huna kasi ya kuinyoosha.

Kasi kwenye ndege tunaihesabu kwa noti, noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, kama kilomita 1.85. Kwenye noti 80 nasema kwa sauti, anaangalia kwamba saa yake inasema hivyo hivyo. Kisha inakuja kasi iitwayo V1: hapo uamuzi wa kusimama umepita, hata injini ikifa mnaondoka. Mkono wa kapteni unatoka kwenye mikono ya nguvu ikitamkwa V1, usije ukashawishika kuzirudisha. Baada yake natamka amri ya kuinua pua.

Hapa ndipo ninapoijua mikono ya mtu. Pua inatakiwa ipande nyuzi mbili hadi mbili na nusu kwa kila sekunde, ifike kama 15. Ndege inaachana na ardhi ikiwa kwenye nyuzi nane au tisa hivi. Na mkia wa 737-800, ikiwa bado iko chini, unagusa lami kwenye nyuzi 11. Nafasi yenyewe ni hiyo. Anayevuta kwa pupa anakwaruza mkia, anayevuta kwa woga anakula njia yote ya kurukia. Ndiyo maana sisemi "vuta". Nasema "inua, inua, inua, tulia", na mdomo wangu unakwenda kwa mwendo ninaoutaka mikono yake iufuate.

Tukishapanda na magurudumu yameingia, inaanza nusu saa ngumu kuliko zote: kwenda moja kwa moja, kimo kilekile. Wengi wanadhani hapo ndipo pa kupumzika. Mtu anaona kimo kinapungua futi 50, anavuta. Ndege ya tani 60 na kitu haijibu papo hapo, anavuta tena. Sasa inajibu yote mawili kwa pamoja, inapanda futi 300, anasukuma. Baada ya dakika tunapanda na kushuka mawimbi, kila wimbi kubwa kuliko lililotangulia, shati limelowa.

Dawa yake ni moja. Namwambia aachie kabisa, atoe mikono. Ndege iliyosawazishwa vizuri, ukiiachia, inajituliza yenyewe. Kuna gurudumu jeusi lenye mstari mweupe kando ya goti, la trimu, linazunguka kwa kelele ya krrr-krrr kila unapobonyeza swichi ya kidole gumba. Hilo linageuza bawa la mkiani ili ndege ishike pua pale ulipoiweka bila wewe kuibeba kwa misuli. Weka pua unapoitaka, weka nguvu unazozitaka, trimu mpaka mkono usihisi uzito, kisha ngoja. Bila flapu, kwenye noti 250 hivi, pua ikae nyuzi tano juu ya upeo wa macho na nguvu karibu asilimia 60, itakwenda bapa. Namba hizo mbili nazimezesha mapema. Anayezijua hafukuzi sindano ya kimo, anaweka picha yake na sindano zinamfuata.

Mwanafunzi akielewa hilo, uso wake unabadilika. Anaishika kwa vidole vitatu. Kuanzia hapo najua tutatua.

Binti Likoni

Kaka mwalimu, hongera kwa maelezo, nasoma hadi chai imepoa. Mimi ni mhudumu wa ndani ya ndege. Abiria kila siku wananiuliza, marubani wote wawili wakizimia itakuwaje? Nami nauliza kwa niaba yao. Je, mimi au abiria yeyote tunaweza kuitua tukiongozwa kwa redio?

Mwalimu wa Simuleta

Dada yangu, nitakujibu bila kupaka asali.

Mei 2022 huko Florida, abiria asiyewahi kuendesha ndege aliitua Cessna 208 katika uwanja wa Palm Beach baada ya rubani kuzidiwa. Aliongozwa na mwongoza ndege ambaye pia alikuwa mwalimu wa urubani. Ilikuwa mchana na hali ya hewa nzuri. Cessna 208 ina injini moja, ni ndege ileile tunayopanda kwenda Mafia na mbugani. Kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana kwenye ndege ya ukubwa ule.

Ya abiria wengi ni habari nyingine. Tarehe 14 Agosti 2005, 737 ya shirika la Helios ilikosa hewa ndani kwa sababu swichi ya kujaza hewa ilibaki mahali pasipofaa, watu wakazimia, ndege ikaenda yenyewe kwa otopaileti (mtambo unaoishikia ndege kimo na mwelekeo) mpaka Athens ikazunguka angani. Mhudumu mmoja, ambaye alikuwa amesomea urubani lakini si wa ndege ile, aliingia chumba cha rubani. Muda mfupi tu baadaye mafuta yakaisha. Watu 121 walipoteza maisha. Otopaileti ilifanya kazi yake mpaka mwisho. Ilichokosa ni mtu wa kuiambia nini cha kufanya, mapema.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, uliochapishwa 2022: watu walionyeshwa video fupi ya marubani wakitua, video ambayo haifundishi lolote la maana, na baada ya kuitazama walijiamini zaidi kwamba wangeweza kutua wenyewe. Hiyo ndiyo hatari ninayoiona. Kwenye simuleta, kinachomwezesha mgeni ni mwalimu anayeona mkono unapokakamaa kabla ndege haijajibu. Kwa redio, anayekuongoza haoni mikono yako.

Ukijikuta mle ndani siku moja, mambo ni machache. Usizime otopaileti. Vaa kisikilizio, bonyeza kitufe cha kuzungumza kilicho kwenye usukani, sema wewe ni nani na nini kimetokea. Watakaokusikia watamtafuta rubani wa aina hiyo ya ndege. Ndege inaweza kutua yenyewe ikiwa uwanja una mtambo wa ILS, wa redio za kuiongoza ndege hadi kwenye njia, wenye kiwango kinachofaa. Ndege aina ya Trident ilifanya hivyo ikiwa na abiria wa kawaida tangu tarehe 10 Juni 1965 pale Heathrow. Lakini mtu ndiye anayeipangia: masafa, mwelekeo, flapu, magurudumu, breki. Kwa mtu asiyewahi kuziona, kumwelekeza kila kitufe kwa maneno matupu kunachukua muda mrefu kuliko unavyodhani.

Mzee wa Reli

Vijana, nimewasoma. Nimeendesha treni maisha yangu yote ya kazi. Mwalimu, swali langu ni hili: kama mnaweza kumkalisha mgeni mle na akatua, kwa nini msimfundishe kwenye ndege yenyewe ikiwa tupu? Sisi tulijifunza kwenye injini yenyewe, fundi amesimama nyuma.

Mwalimu wa Simuleta

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa swali lenye uzito.

Zamani ilifanyika hivyo, na watu walikufa wakifundishana. Zoezi la kuzima injini moja wakati wa kuruka, kwa mfano, lilikuwa linafanywa angani na ndege kamili. Leo mambo hayo yote yamehamia simuleta. Kule naweza kuzima injini, kuwasha moto, kuleta upepo wa kubadilika ghafla, na mkianguka tunasimamisha, tunakunywa maji, tunarudia.

Kitufe cha kusimamisha ndiyo silaha yangu kubwa. Mwanafunzi akiwa futi 100 juu ya njia, picha imeharibika, nasimamisha ulimwengu. Ndege inabaki imening'inia. Namwambia: angalia. Taa zile nne za pembeni, PAPI, zinasemaje? Mbili nyeupe mbili nyekundu, upo sawa. Nyeupe tatu, upo juu. Nyekundu zote nne, upo chini sana, ondoka. Unaangalia wapi? Mkono wako wa kulia unafanya nini? Angani halisi swali hilo huna muda wa kuliuliza, kwa kasi ya noti 140 ndege inakula mita 72 kila sekunde.

Na lipo tukio ambalo kila mwalimu analijua. Tarehe 23 Machi 1994, Airbus A310 ya Aeroflot ikitoka Moscow kwenda Hong Kong, kapteni aliwaruhusu watoto wake wakae kwenye kiti chake. Binti alikaa salama. Mwanawe wa kiume aliubana usukani kwa nusu dakika na zaidi dhidi ya otopaileti, sehemu ya otopaileti inayoshika mabawa ikajiachia kimyakimya, ndege ikaanza kulala upande. Wenyewe walikuja kugundua wakiwa wamechelewa. Watu wote 75 walikufa kule Siberia. Yule mtoto hakuwa na kosa. Aliyetakiwa kukaa kiti kile hakuwa amekaa.

Rubani Msaidizi

Wakuu, nachangia kama mtu aliyepita njia hii. Nipo Nairobi, narusha 737.

Mwalimu amesema kweli kuhusu kungoja, na mimi nataka kuongeza kitu ambacho wanaojifunzia simuleta ya usawa wa bahari hawakioni. Dar uwanja upo futi 182 juu ya bahari. JKIA, uwanja wa Nairobi, upo futi 5,330. Saa ya kasi inasema noti 140 kote kuwili, maana inapima msukumo wa hewa, na hewa ya Nairobi ni nyepesi. Kasi halisi unayoingia nayo Nairobi inapita noti 150. Kwa mteremko uleule wa nyuzi 3, Dar unashuka futi 700 na kitu kwa dakika, Nairobi unakaribia 800. Macho yanasema unakimbilia ardhi, mikono inataka kuvuta. Njia ya JKIA ina zaidi ya kilomita 4 na kuna sababu.

Nilipohitimu simuleta nilipelekwa ndege tupu na mwalimu, tukawa tunatua na kupaa bila kusimama. Baada ya hapo ndipo safari za abiria, kapteni mwalimu upande wa pili, na mwanzoni rubani wa tatu kwenye kiti cha nyuma akiangalia. Abiria hawajui, na hawana haja ya kujua, kwamba kulia amekaa mgeni. Tulivyopangwa, mgeni haachwi peke yake na kosa lake.

Mwalimu wa Simuleta

Kapteni mtarajiwa, asante sana. Hilo la Nairobi nitaliazima darasani.

Sasa nimalize kutua, maana wengi wamenikumbusha huko inbox.

Hesabu ya kushuka ni nyepesi: kila maili moja ya baharini kabla ya uwanja, futi 300. Maili kumi, futi 3,000. Kasi ya kushuka ni kasi yako juu ya ardhi mara tano: noti 140, futi 700 kwa dakika. Anayeanza akishika hesabu hizo mbili, anajua yuko juu au chini kabla hajaona uwanja.

Tunapunguza mwendo, ananiagiza flapu hatua kwa hatua, magurudumu, kisha flapu 30. Kila flapu inayoshuka inainua ndege kidogo, kwa hiyo kila mara trimu. Ukishakamilisha, pua inakaa nyuzi mbili na nusu, nguvu asilimia 55 au zaidi kidogo. Nasema tena: weka hizo, ngoja. Tukifika futi 1,000 natazama kama kasi, mteremko na mwelekeo vimetulia. Kama havijatulia tunaondoka, tunakuja tena. Mgeni hapendi kuambiwa aondoke, anaona amefeli. Namwambia marubani wa kazi wanaondoka pia na hakuna anayewacheka. Injini zinahitaji sekunde kadhaa kutoka chini hadi nguvu kamili, kwa hiyo uamuzi wa kuondoka unafanywa mapema, ukiwa bado una kimo cha kutumia.

Futi za mwisho. Sauti ya mashine inahesabu: 50, 40, 30, 20, 10. Kila mgeni anataka kuvuta akiwa kwenye 100, ardhi inamjia. Nimeweka vidole vyangu nyuma ya usukani wangu, sijaushika. Kwenye 737 usukani wa kushoto na wa kulia umeunganishwa, nikihisi wake unarudi nyuma mapema, vidole vyangu vinauzuia kabla pua haijapanda. (Kwenye A320 fimbo mbili za pembeni hazijaunganishwa, mwalimu hahisi mkono wa mwanafunzi, anaona matokeo, na wakivuta wote wawili ndege inajumlisha. Kuna kitufe cha kumnyang'anya. Kwa kumfundisha mgeni kabisa, napendelea Boeing.)

Nasema: macho yapeleke mwisho wa njia. Ukiangalia lami iliyo mbele ya pua huwezi kupima kimo, inapita tu. Ukiangalia mwisho kabisa, unaona njia inavyojitandaza na mwili unajua wenyewe. Kwenye 20, inua pua nyuzi mbili au tatu, si zaidi, na nguvu zirudishe polepole mpaka mwisho. Kisha ishike hapo. Usiitafute ardhi. Ikielea sekunde nne umetupa karibu mita 280 za njia, ndiyo maana siwaruhusu watafute mguso laini kama siagi. Magurudumu ya nyuma yakigusa, shusha pua taratibu, pedali kunyoosha, breki.

Watu wengi wakisimama hawasemi kitu kwa muda. Wapo wanaolia, na siwaharakishi.

Kijana wa Tabata

Mwalimu umetisha. Sasa niambie ukweli, kijana wa form six, PCM, nikitaka kufanya hivi kama kazi naanzia wapi? Simuleta inanihesabia saa?

Mwalimu wa Simuleta

Mdogo wangu, anza na daktari kabla hujalipa ada yoyote. Kuna vipimo vya daraja la kwanza vya marubani, kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako: macho, masikio, moyo, sukari. Nimewaona waliomaliza hela ya familia kwenye saa za mwanzo ndipo wakaambiwa rangi hawazitofautishi.

Kisha leseni ya binafsi, kuanzia umri wa miaka 17, saa 40 au pungufu kidogo kwenye shule iliyoidhinishwa kikamilifu. Leseni ya biashara, miaka 18, saa 200, au 150 kwenye kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa. Ndege ndogo hapa karibu zipo Wilson, Nairobi, na wengine wanakwenda Addis au Afrika Kusini. Saa za kipindi kimoja kwenye simuleta kama ninachokieleza hazikupi leseni yoyote, zinakupa kujijua. Baada ya leseni ya biashara ndipo unasomea aina ya ndege, na kuwa kapteni wa ndege kubwa unahitaji saa 1,500.

Njia nyingine ipo tangu 2006, ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, walipoidhinisha leseni ya marubani wa kufanya kazi wawiliwawili, MPL. Huko mtu anatoka sifuri hadi kiti cha kulia cha ndege ya abiria kwa saa 240 za ndege na simuleta kwa pamoja, sehemu kubwa ikiwa simuleta, kisha anatua ndege halisi mara 12, zinazoweza kupunguzwa hadi 6. Lakini njia hiyo inahitaji shirika la ndege lililokubali kukupokea tangu mwanzo, usilipe chuo kinachokuahidi MPL bila shirika nyuma yake.

Binti Likoni

Kaka, na mimi je? Nina miaka 34. Nimechelewa?

Mwalimu wa Simuleta

Dada, hujachelewa kwa leseni. Umri wa juu wa kuanza kisheria haupo. Mwisho wa kurusha ndege za abiria za marubani wawili kimataifa ni kutimiza miaka 65, piga hesabu una miaka mingapi ya kurudisha ada. Tayari unaijua ndege kwa harufu na sauti zake, na umezoea kufanya kazi kwa orodha na kwa kurudia maneno, kitu ambacho wanafunzi wangu wengine wanakitafuta miezi. Kipimo cha daktari kwanza. Majibu yakitoka vizuri niandikie inbox, nikuambie ni maswali gani uende nayo kwa shule kabla hujatia saini.